Timazi Ndani ya Droo

Ninyi mnaobaki pale ofisini mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kusoma maombi ya uvumbuzi. Nilikubali siku ya kuagwa, nikiwa na soda mkononi na machozi karibu, na mtu akiwa katika hali hiyo hukubali chochote. Sasa ni mwezi wa pili tangu nistaafu. Nyumba imefagiliwa mara nyingi kuliko inavyohitaji, kwa hiyo sina kisingizio tena.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao tuuache ulale, umechoka. Nitasema juu ya mambo yaliyonifundisha kazi, na juu ya kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu kwenye korido. Afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Siku ya kwanza nilifika kutoka shule ya ufundi, msichana peke yangu katika darasa la umekanika, nikidhani nimeajiriwa kutengeneza mashine. Nikakuta chumba kimoja chenye dirisha linalotazama njia ya treni, makabati mawili ya karatasi, na Tata Kasongo; tata kwetu ni baba. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, Mprotestanti wa tai kila siku hata Jumamosi, na mbele yake mezani palikuwa na pampu ya baiskeli. Ndiye angekuwa mwalimu wangu kwa miaka kumi na minne. Hakunikaribisha kwa hotuba.

"Mama, shika hii," akasema. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na hakuna aliyewahi kuniita mama. "Ziba pa kutokea hewa na kidole, alafu sukuma. Unasikia nini?"

"Inakataa, tata."

"Haikatae. Inakawia. Sasa andika juu ya nini inakawia."

Niliandika nusu ukurasa. Akasoma, akachukua penseli, akajaribu kuichora ile pampu kwa kufuata maneno yangu tu, bila kuitazama. Kilichotokea kilifanana na upawa. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo kazi yetu yote: mvumbuzi analeta maneno na michoro, na kama fundi anayeijua kazi hawezi kukitengeneza kitu kwa kuyasoma maneno hayo, basi mvumbuzi hajatuambia kitu. Akaniambia niandike upya. Niliandika mara sita, na mara ya sita pampu ikatoka pampu.

Vifaa vyetu vilikuwa rula ya chuma, kioo cha kukuzia, karatasi ya kupitisha mwanga ili kuweka mchoro juu ya mchoro, na sanduku la kadi tulilolipa jina la "vilivyotangulia". Kompyuta zilikuja baadaye, lakini swali halikubadilika. Kitu hiki, kabla ya siku mtu alipoleta ombi lake, kilishajulikana mahali popote? Kama kilijulikana, hakipati breve, ile hati ya kumlinda mvumbuzi, hata mwenye kukileta awe amekesha nacho miaka kumi. Sisi tulisoma na kuandika ripoti. Sahihi ya mwisho ilitoka Kinshasa.

Nilipewa pia meza ya chuma ya zamani, yenye droo moja. Sisi huku tunasema tirwari. Droo ile ilikuwa haifungi mpaka uisukume kwa goti, na ikifunga, inapiga kelele kama mtu aliyetukanwa. Nimeiacha hivyo hivyo. Atakayekaa pale ajue kwamba haijawahi kumsikiliza mtu.

Somo la pili la Tata Kasongo ndilo lililoniletea matatizo, basi lishikeni vizuri. Alisema: "Usimuulize muntu kitu yake inafanya nini. Ile ataongea mpaka usiku. Umuulize akufungulie, uone mundani." Na kweli, kila kesi ngumu tuliyokuwa nayo ilifunguka kwa swali hilo. Alikuja mtu wa Kasaji na breki ya baiskeli ambayo alisema hailiki kamwe. Tulipoomba afungue, tukakuta ukanda wa tairi la lori, na tukakuta pia kwamba babu yake alikuwa ameutumia ukanda huo huo. Akaja mwingine na chekeche ya kuoshea mchanga wa Kingamyambo, ule mchanga ulioachwa na viwanda ambao bado una shaba ndani yake. Alipofungua, uvumbuzi haukuwa kwenye wavu aliokuwa akiusifia. Ulikuwa kwenye spring ndogo aliyoiweka kwa bahati mbaya, na kwa spring hiyo alipata breve. Palikuwa pia na mzee aliyekuja kila mwaka mvua ya kwanza ikianza, na gurudumu la maji linalojiendesha lenyewe milele. Tata Kasongo alimpa chai, akamwomba afungue. Kila mwaka mzee alisema mwaka huu bado kidogo. Alipokufa tulifunga ofisi saa sita tukaenda msibani, na sidhani kama tulimpenda mvumbuzi mwingine kama yule.

Basi "fungua tuone" likawa swali la mkono wangu. Nikienda kununua jiko, naligeuza. Mwanangu alipoleta mchumba, mume wangu alinibana mguu chini ya meza kabla sijafungua mdomo.

Tata Kasongo alistaafu, mimi nikabaki na kile chumba. Sasa nifike kwa Ilunga.

Katika parokia yetu, Jumapili ya mavuno kila mtu huleta tunda la kwanza la kazi yake. Wenye mashamba huleta mahindi na mihogo. Lakini Kolwezi ni mji wa mashimo na reli, wengi hatuna shamba, kwa hiyo desturi ni kuleta kazi ya mikono. Mshonaji huleta gauni la kwanza la mtindo mpya, mwashi huleta matofali mawili, na mwalimu mmoja aliwahi kuleta daftari la mtoto wa kwanza kujua kusoma mwaka ule. Kitu kipya hakiendi sokoni kabla hakijafika altareni. Kufanya kinyume ni kama kula kabla ya kumpakulia mgeni.

Ilunga alikuwa seremala wa mtaa wa Kasulo. Mnaijua Kasulo: watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na nyumba nyingine hazikusahau. Sakafu ya chumba chake ilikuwa imeinama, na kila msimu wa mvua iliinama kidogo zaidi. Ukiweka limau mlangoni, unalikuta ukutani. Mkewe, Mama Odette, alikuwa mshonaji, na meza yake ya cherehani ilikuwa na droo nzito ya mikasi na pasi za chuma. Siku moja droo ile ilijifunga yenyewe kwa uzito wake na mwinamo wa sakafu, ikakibana kidole chake cha kati cha mkono wa kulia. Mfupa ulivunjika na ukaunga vibaya. Kiangazi chote hakuweza kushika sindano, na Ilunga aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuona kitu kibaya kama cherehani iliyofunikwa kitambaa.

Ndipo akatengeneza reli yake. Ilikuwa na vyuma viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, na nyuma yake bomba dogo lenye mafuta na kijiti kinachosukuma mafuta yapite kwenye tundu, ili droo ikawie kufunga. Vitu vya namna hiyo vipo duniani, vinauzwa. Lakini vyote vinadhani nyumba yako imesimama sawa. Ilunga aliongeza timazi, kile kizito kinachoning'inia kwenye uzi ambacho waashi hukitumia kujua kama ukuta umenyooka. Yake ilikuwa nati moja tu iliyofungwa kwenye waya. Sakafu ikiinama, nati inaegemea upande mmoja, inabana tundu la mafuta, na droo inakawia zaidi. Nyumba ikizidi kuinama, droo inazidi kuwa mpole. Mtu hahitaji kugusa chochote.

Jumapili ile Ilunga na ndugu zake walibeba kabati dogo lenye reli hiyo mpaka mbele ya altare, kwaya ikiimba. Akaisukuma droo. Ilikwenda haraka, kisha kama imekumbuka jambo, ikapunguza mwendo, ikatetemeka kidogo, ikafunga bila sauti. Kanisa likapiga makofi. Padri akaijaribu mwenyewe mara mbili, na mara ya pili haikuwa ya liturujia.

Mcheza kwao hutunzwa, na baada ya misa watu walimzunguka uwanjani wakimpongeza. Nami nikasogea, na kitenge changu cha Jumapili, na nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake:

"Tata Ilunga, tosha yote tuone mundani."

Akaitoa droo yote nje ya kabati. Akaipindua reli. Akaeleza chuma kwa chuma, mafuta, tundu, nati na waya, akainamisha kabati huku na huku ili wote waone nati inavyoegemea. Vijana wa kwaya walikuwa wameinua simu. Alieleza robo saa nzima, uso wake unang'aa kama wa bwana harusi, na mimi nikamuuliza maswali mengine mawili mazuri. Kisha nikaenda nyumbani kula.

Wanasema kuuliza si ujinga. Siku ile ulikuwa ujinga, tena wa mtu aliyesomea.

Miezi minne baadaye, baridi ikiwa kali, ombi la Ilunga lilifika mezani kwangu. Lilikuwa na madai manne, yaani mambo manne aliyotaka yalindwe kuwa yake, yaliyoandikwa vizuri kuliko ya mainjinia wengi, na michoro mitatu. Kulikuwa na barua pia. Alisema mtengenezaji mmoja wa samani huko Lubumbashi ameiona reli na yuko tayari kukubaliana naye kama ana breve. Kama hana, atatengeneza tu, na hakuna wa kumzuia. Mwishoni aliandika kwamba akipata, atajenga mahali penye ardhi imara, juu bibi yake, yaani mkewe, anaogopa kulala pale.

Nilifurahi. Nikatafuta katika vilivyotangulia majuma matatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilitafuta huku nikiomba nisipate. Mabomba ya mafuta yalikuwa mengi, ya Ulaya na ya Asia. Timazi haikuwepo popote. Jioni moja nilifunga faili la mwisho, nikasema moyoni: ni mpya. Na hapo hapo nikajiona nimesimama uwanjani kwa kitenge cha Jumapili.

Kama angeionyesha kanisani tu, imefungwa, pengine pangekuwa na njia. Watu waliona droo inakawia, hawakuona kwa nini. Fundi aliyekaa kwenye benchi asingeweza kwenda kuitengeneza. Lakini mtu alimwomba aitoe yote na aeleze ndani, mbele ya umati, kabla ya ombi. Mvumbuzi akijitangulia mwenyewe ni sawa na kutanguliwa na mwingine. Na mtu aliyemwomba alikuwa mimi, mtu pekee katika uwanja ule aliyelipwa kujua. Nililiangalia jina lake kwenye ombi nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya uinamishe kichwa hata ukiwa peke yako chumbani.

Nilimwendea mkuu wetu wa wakati ule, nikamwomba ampe mwingine faili lile. Akaniuliza nani mwingine atalisoma, na kweli hakuwepo. Kisha akanisikiliza, akakuna kidevu.

"Mama, nani atajua?" akasema. "Bantu ya Kinshasa habasalie mu parokia yetu."

Alisema kwa wema. Niliweka faili ndani ya ile droo yangu kwa siku tisa. Kila nilipoifungua na kuifunga, ilipiga kelele, na mimi niliruka kama mwizi. Na kila siku nilijiambia kwamba kidole cha Mama Odette ni hoja kubwa kuliko robo saa ya uwanjani. Bado naamini ni hoja kubwa. Ila haikuwa jibu.

Siku ya kumi nikaenda kwa Tata Kasongo. Alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini tai ilikuwepo. Nikamweleza yote.

"Ulimuambia afungue?" akauliza.

"Ndiyo, tata."

"Vile nilikufundisha."

"Vile ulinifundisha."

Nilidhani atanigombeza, na ningeshukuru. Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu.

"Basi tuko babili," akasema.

Nililia hapo, sina sababu ya kuficha. Alisubiri nimalize, kisha akarudi kwenye kazi kama kawaida yake. "Ile siku, kuko bantu balipiga video?"

"Mingi, tata. Iko mu grupu ya kwaya."

"Na sauti yako iko mundani?"

"Iko."

"Basi sikia. Ukimupatia karatasi iko na shimo chini, siku moja yule wa Lubumbashi ataona ile video, karatasi itabomoka, na Ilunga atakuwa mundani na bibi yake. Eko Kasulo. Anajua nyumba ya vile. Usimujengee ingine." Akashusha pumzi. "Lakini rudia kumuuliza. Uliza alibadilisha nini baada ya ile siku. Muntu wa kazi haachake kitu vile ilikuwa."

Niliwaita Ilunga na mkewe waje ofisini. Mama Odette alivaa gauni alilolishona mwenyewe, akakaa na mkono wa kulia umefunikwa na wa kushoto. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakapotea. Nikaweka simu mezani nikawaonyesha ile video. Ilunga alicheka kwanza kwa kujiona. Kisha ikasikika sauti yangu: tosha yote tuone mundani.

"Ile sauti ni yangu, tata," nikasema. "Mi ndiye niliharibu. Nilikuwa najua sheria, na nilikuuliza mbele ya bantu." Nikamweleza jinsi jambo lilivyo, polepole, bila kulipunguza.

Video ikaisha na ikaanza tena yenyewe. Nikaizima.

"Mama," akasema, "Mungu tulimutolea ya kwanza. Banasema ni kosa?"

"Haikuwa kosa yako."

"Ile siku nilifurahi sana," akasema. Hakunilaumu. Mpaka leo nikiwa macho saa ambayo sipaswi, ni sentensi hiyo ninayoisikia.

Nikashika kioo changu cha kukuzia, ili mikono iwe na kazi. Nikaweka mchoro wa tatu mbele yao. Kwenye video nati ilikuwa inaning'inia hewani. Kwenye mchoro, nati ilikuwa ndani ya kikombe kidogo sana, na kikombe kimejaa mafuta. Dai la nne lilikisema kwa mstari mmoja, mwishoni, kama kitu cha kuongezea. Nikauliza kikombe hiki kilitoka wapi, na kwa nini.

Ilunga akamtazama mkewe.

"Ni dé yangu," Mama Odette akasema. Dé ni kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mshonaji huvaa kidoleni ili sindano isimchome. Akafunua mkono wake wa kulia. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda kwenye kiungo. "Haingiake tena. Ilikuwa inalala bule mu tirwari."

Akaeleza, na nilimwomba aeleze polepole ili niandike. Droo ya kwanza ilikuwa inakawia, ndiyo, lakini ilitetemeka ikifunga, na pini zake zote zilimwagika. Akainama kuangalia, akaona kwamba kila ukiisukuma droo, nati inacheza kabla ya kutulia, na tundu la mafuta linafunguka na kubana mara kadhaa. "Nikamuambia: kitu iko nacheza mu hewa, uizamishe mu mafuta itatulia. Itasikia nyumba tu, haitasikia mukono. Akakataa siku mbili."

"Tatu," Ilunga akasema.

"Tatu. Siku ya ine nikaweka miye mwenyewe."

Nikauliza kama kuna mtu mwingine ameiona, kanisani, sokoni, kwa jirani, au yule wa Lubumbashi. Hakuna. Yule aliona ile ya kwanza tu, na aliilalamikia kutetemeka kwake. Hii ya kastabini ilikuwa moja, ndani ya meza ya cherehani, na mtu asiyelala mule chumbani hakuijua. Niliuliza mara tatu kwa njia tatu. Hakuna.

Basi nikawaambia. Dai la kwanza limeanguka, na la pili na la tatu pamoja nalo, na sitaweza kuyainua. La nne linaweza kusimama likiandikwa upya peke yake: reli ya droo yenye bomba la mafuta na timazi iliyozamishwa katika kikombe chake, isiyosikia msukumo wa mkono ila mwinamo wa sakafu. Ni dogo, lakini chini yake hakuna shimo. Na kuna jambo lingine. Fomu inataka jina la mtu aliyewaza kitu chenyewe, na kwenye fomu kulikuwa na jina moja, la Ilunga.

Treni ya mizigo ilikuwa ikipita nje taratibu. Mwanamume alikuwa amekuja na madai manne na jina lake, na nilikuwa nimemnyang'anya vyote viwili kwa asubuhi moja. Nilingoja hasira, na ningeipokea.

Alivuta fomu, akaisoma tena mpaka chini. Kisha akamsogezea mkewe kalamu.

"Andika weye," akasema. Baadaye kidogo, akinigeukia: "Na miye baniandike pa nafasi ya muntu alikataa siku tatu."

Mama Odette alicheka mpaka akaweka kichwa juu ya meza. Aliandika jina lake kwa mkono ule ule, polepole, kalamu ikishikwa na vidole viwili na cha tatu kikiwa kimesimama pembeni.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa nne. Mahali pa kilichotangulia niliandika: onyesho la hadharani, uwanja wa kanisa, ushahidi wa video, na aliyeomba ufafanuzi ni mchunguzi mwenyewe. Kinshasa wakanijibu kwa onyo la mistari miwili, na ninalo hadi leo. Breve ilichukua zaidi ya mwaka, kwa jina la Mama Odette. Yule wa Lubumbashi alilalamika, kisha akakubali, kwa kuwa timazi isiyozamishwa inatetemeka na hakuna anayetaka kununua droo yenye malaria. Nawaambia vijana: dai dogo la kweli litakulinda kuliko kubwa la kuazima. Hili halimo kwenye mwongozo, nimeangalia.

Tata Kasongo aliishi mpaka akaisikia habari hiyo. Nilimsomea dai lile jipya, yeye akiwa amefumba macho, na kidole chake kikichora hewani kufuata maneno yangu. "Naiona," akasema. Sikuwahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Ilunga na mkewe walihama Kasulo. Nyumba yao mpya iko kwenye ardhi ngumu, sakafu yake ni sawa, limau linakaa pale ulipoliweka. Nati ndani ya meza ya cherehani inaning'inia wima mwaka mzima bila kazi yoyote, kama mimi sasa.

Na Jumapili ya mavuno ya mwaka huu, ya kwanza nikiwa mstaafu, waliileta meza ile kanisani. Walikuwa hawajawahi kuitoa nyumbani. Mama Odette alitangulia, Ilunga na ndugu zake wakabeba nyuma. Padri aliisukuma droo mara tatu. Haikutetemeka. Baada ya misa watu wakawazunguka uwanjani, simu zikainuliwa, nami nikasimama mbali kidogo, karibu na geti, mikono nimeifunga juu ya tumbo. Nilikuwa nimeapa sitasema neno katika uwanja ule maisha yangu yote.

Ilunga akakatisha maelezo yake. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu mpaka akaniona.

"Mama," akaita, "leo hauulize?"

Watu wakageuka. Nikasogea kutoka getini.

"Mama Odette," nikasema, "tosha yote tuone mundani."

Akaweka mkono chini ya droo, kidole chake kilichopinda kikiwa mbele, akaivuta mpaka ikatoka yote. Kisha akainua kastabini yake juu, imejaa mafuta, watu wote waione.